Mwenyekiti na Ukuta Uliopinda

Ukitoka mjini Thika ukaingia Kiganjo, fuata ukuta wa zile nyumba zenye vigae vyekundu. Ukuta unakwenda umenyooka mbele ya vibanda vya mkaa na kinyozi, kisha ghafla unapinda, unaingia ndani, unazunguka kiwanja cha shule ya msingi, halafu unarudi kwenye mstari wake. Vijana wa bodaboda wanaoegesha pale huwaambia abiria kwamba fundi alikuwa amelewa chang'aa. Nikiwasikia hasira hunipanda, na huwaambia wazi. Fundi hakuwa amelewa. Ukuta ule ulipindishwa na mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kushika mwiko wa fundi maishani mwake, na kwenye lango la shule leo kuna bango lenye jina la mwanamume aliyetaka kiwanja chote kiwe nyumba za kuuza. Jina la mwanamke halipo.

Hata mimi sitaliandika. Alinikataza mwenyewe. Alisema jina likishaingia kwenye karatasi ya ardhi, kuna siku litauzwa pamoja na hiyo ardhi. Sisi wote tulimwita Mwenyekiti, vijana wakimwita Chairlady, na mumewe naye, mzee mpole aliyezoea kuketi nje ya nyumba akimenya maharagwe, alimwita Mwenyekiti vilevile, hata alipokuwa akimwomba kijiko. Alichaguliwa kuongoza kamati ya mtaa mara moja tu, pale mwanzo kabisa, shamba la kahawa liliponunuliwa na kampuni ya wanahisa na kukatwa ploti. Uchaguzi wa pili haukufanywa. Nani angeuitisha?

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Kiangazi na masika alivaa buti za mpira, na salamu yake ilikuwa lawama. Hukuambiwa habari za asubuhi. Uliambiwa, "Wewe, hayo maji yako ya sabuni yanaenda kwa nani?" Ukishamjibu ndipo angekuuliza kama watoto wameamka salama, na ukimwambia mmoja anakohoa, jioni ungemwona mlangoni na majani fulani machungu, akikukaripia kwa kumlaza mtoto sakafuni.

Mimi hakunipenda, na sidhani nilimpenda. Sisi ni Waislamu wa Majengo ya Thika, na ukituuliza kabila lazima kwanza uketi chini. Babu yangu alikuja na wazungu kutoka huko juu karibu na Sudani, bibi yangu ni Mkamba, mama alizaliwa Uganda. Mume wangu, Baba Halima, alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha nguo, nami niliuza leso na mitumba sokoni. Tulinunua ploti yetu kwa mwanahisa aliyechoka kungoja, tukajenga vyumba viwili vya mawe, na jamaa zetu wachache wakatufuata. Kwa Mwenyekiti hilo lilikuwa kosa letu la milele. Tulikuwa watu wa kanzu, watu wa kuja. Pale kwenye mfereji wa maji, ambao yeye ndiye aliyekuwa akiuamuru, mitungi yetu ilikaa nyuma hata tukifika kabla ya jogoo.

"Nyinyi mmezoea foleni huko Majengo," aliniambia siku moja mbele ya watu. "Hapa wenyeji wanachota kwanza."

Nilirudi nyumbani na mtungi mtupu kwa kiburi, nikapikia maji ya kuazima. Baba Halima akacheka. Alisema yule mama ni kama pilipili, hana ubaya na mtu, ila usimpake machoni. Mimi sikucheka, na hadi leo nikikumbuka siku ile sicheki.

Wapangaji wake nao walimjua. Alikuwa na vyumba vya mabati nyuma ya nyumba, na paa lao lilivuja, na ukimwambia linavuja alikuuliza kama kwenu Bungoma mlikuwa mkilala hotelini. Hilo alimwambia Baba Wekesa, mlinzi wa kiwandani, mtu wa watu, mkristo wa kuimba kwaya. Baba Wekesa alikuwa na kijana aliyeitwa Wekesa, rika moja na Halima wangu. Wakati huo Kiganjo hakukuwa na shule ya serikali. Watoto wetu walivuka barabara kuu kila asubuhi, ile ya malori ya mchanga na ya mawe, wakashikana mikono wakangoja upenyo, wakakimbia. Asubuhi moja Wekesa hakuufikia upande wa pili vizuri. Lori halikusimama.

Aliyembeba alikuwa Mwenyekiti. Alimpakia kwenye mkokoteni wa kuuzia maji, akausukuma mwenyewe hadi hospitali, akimtukana kila dereva aliyekawia kumpisha, na akakaa pale kwenye benchi mpaka mguu ulipofungwa. Watu walidhani sasa yeye na mpangaji wake watapatana. Baba Wekesa aliporudi na mtoto, Mwenyekiti alimpokea mlangoni kwa ugomvi juu ya ndoo iliyoachwa uani. Wekesa anachechemea mpaka leo, na ana watoto wake sasa.

Kuanzia siku ile kiwanja kikawa chake. Nasema chake, lakini namaanisha alikilinda. Wanahisa walipokata shamba walikuwa wameacha ardhi ya shule, pana, iliyoinuka kidogo, isiyotuama maji. Kila alfajiri Mwenyekiti aliizunguka na panga mkononi. Aliyemwaga taka pale alirudishiwa taka zake mlangoni. Aliyefunga mbuzi alimkuta mbuzi amefungwa kwa chifu. Mpakani mwote alipanda matoka, yale maua ya majani mapana ambayo Wakikuyu huyapanda kuonyesha mpaka, na ambayo mtu mwenye akili zake hayang'oi, maana kung'oa itoka ni kutafuta laana. Kanisa lake mwenyewe lilipoleta hema la mkutano wa injili likaanza kupigilia vigingi, aliwafukuza na mhubiri wao.

"Hapa ni pa watoto," alisema. "Yesu ako na pake pale kwa kona."

Jambo lingine lililojulikana na wote ni kwamba Mwenyekiti hakula mkutanoni. Usidhani ni mtu wa kujinyima. Jumamosi ungemkuta buchani akiguguna mfupa hadi ukang'aa, na alijua kudai kipande cha mgongo kuliko mwanamume yeyote. Lakini pakiwa na mkutano, iwe harambee, iwe ugomvi wa mpaka, iwe mahari ya mtoto wa jirani ambayo bado haijaelewana, hakugusa chochote. Mumewe aliwahi kunieleza sababu, akimenya maharagwe yake. Zamani, wakati wa kugawa ploti, wakubwa wa kampuni walimkaribisha mzee huyu mbuzi kabla ya maneno. Alikula. Kisha akaambiwa ploti yake ya kona imehamishwa, na alipofungua kinywa kulalamika, wazee wakamwuliza, "Si umekula?" Kwa desturi yao mbuzi wa mapatano haliwi mpaka maneno yaishe, na akishaliwa maneno hayafufuliwi. Ukiyafufua umejitakia mikosi. Mzee wa watu alinyamaza, na mkewe akaapa.

Sasa nije kwa Tajiri. Naye simtaji, kwa sababu nyingine kabisa: ametajwa vya kutosha kwenye bango. Alinunua sehemu ya chini ya lile shamba, iliyokuwa bado kahawa, akatangaza nyumba za kisasa kwa watu wa Nairobi waliochoka na Nairobi. Kiwanja cha shule kilimkaa kooni. Kilikuwa kati ya nyumba zake na barabara, na ndicho chenye ardhi nzuri. Alikuwa mtoto wa hapo karibu, mpole, mwenye kofia ya kuvua mbele ya wazee, mjuzi wa methali. Angekuwa mgeni asiyejua mila zetu tungemwogopa.

Alisema hataki kiwanja bure. Angetupa kingine. Angejenga madarasa ya mawe pale chini kwenye machimbo ya zamani, avute bomba la maji, na atuachie kijia cha kupita kando ya nyumba zake. Alitupeleka kuyaona machimbo wakati wa kiangazi, na kweli palikuwa pakavu, pamelala, pamekaa vizuri. Mwenyekiti alishuka hadi katikati, akachimba kidogo na kisigino cha buti.

"Hili ni shimo," alisema. "Unataka watoto wasome ndani ya shimo."

"Tutalijaza, mama."

"Jaza kwanza. Halafu uje."

Hakulijaza. Aliitisha mkutano kwenye kiwanja chenyewe, siku ya Jumapili baada ya ibada, na alipofika tuliona lori lililojaa mbuzi, viti vya kukodi na soda. Moto ukawashwa. Mwenyekiti alipoona moto unawashwa na hakuna neno lililosemwa, alikwenda akasimama kati ya watu na nyama.

"Maneno kwanza," alisema. "Tangu lini tukakula kabla ya maneno?"

"Watu wametoka kanisani na njaa, mama," Tajiri akasema kwa upole. "Tuwape kitu kidogo, tutaongea tukiwa na nguvu."

Watu walicheka. Harufu ilikuwa imeshawafikia, na mwaka ule nyama haikuwa chakula cha kila mtu. Mwenyekiti aliwataja mmoja mmoja, wazee wa kamati aliowajua tangu wakiwa vijana, akawaambia wakumbuke ploti ya kona. Mmoja akamwambia aache kuwa na roho ya mwanamke. Wakala. Baba Wekesa alikula, na mtoto wake mwenye mguu uliopinda akala ubavuni pake, na sikuwa na la kuwaambia kwa sababu sisi tulikuwa tumekaa kando na chupa zetu za soda. Mbuzi walikuwa wamechinjwa na shemasi. Hakuna aliyekumbuka kutuulizia. Nakumbuka nilivyokasirika siku ile, kwamba hata kutudharau hawakujisumbua.

Walipokuwa wakipangusa mikono, Tajiri alisimama akatangaza kwamba Kiganjo imekubali, kwamba tingatinga litaingia wiki ile, na kwamba anawashukuru wazee kwa kushiriki mbuzi naye. Alilisema lile neno polepole. Nikawaona wazee wale wakitazama mifupa iliyokuwa miguuni mwao. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, na hawa walikuwa wamelipa shule ya wajukuu wao. Hakuna aliyeinuka. Wanaume wazima, wenye ndevu, wanahisa. Ningekuwa na mamlaka ningewafungia pale pale na mifupa yao mpaka asubuhi.

Siku ya pili, asubuhi, nilisikia buti mlangoni pangu. Tangu tuhamie Kiganjo hakuwahi kuvuka kizingiti chetu. Aliketi kwenye stuli bila kukaribishwa, akatazama kuta, akamtazama Halima aliyekuwa akijifunga viatu vya shule. Nilimwekea chai. Hakuigusa.

"Nyinyi hamkukula," alisema.

"Hatukupewa kilichochinjwa kwetu."

"Najua. Nililala nikiwafikiria."

Nikamwambia yote niliyokuwa nayo. Kwamba kwa miaka yote tumekuwa watu wa kanzu, tumekuwa wa mwisho kwenye mfereji, watoto wetu wameitwa majina, na leo kwa sababu ya mbuzi wa shemasi tumekuwa watu. Nilisema hadi sauti ikakauka. Baba Halima alitoka chumbani akiwa amevaa shati nusu akanifanyia ishara ninyamaze. Sikunyamaza. Mwenyekiti alinisikiliza bila kupepesa, mikono juu ya magoti.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Sikukuja kuomba msamaha, Mama Halima. Nimekuja kuomba watu. Wangu wamekuliwa wote. Huyu msichana wako anavuka hiyo barabara saa hii?"

Halima alikuwa ameshabeba mkoba wake. Tulimtazama wote wawili akitoka. Kisha tukazungumza mimi, yeye na Baba Halima, tukapanga nani ataitwa na nani atasema nini mbele ya chifu. Tulipokubaliana aliivuta ile chai, ilikuwa imepoa na imefunga utando, akainywa yote, akasema sukari ni kidogo.

Baraza lilifanywa nje ya ofisi ya chifu. Tajiri alikuja na diwani na mwanasheria, lakini mwanasheria hakufungua mkoba, maana Tajiri aliamini mila zinamtosha. Alisimama akasema jambo hili limekwisha kwa njia ya wazee, aliyekula mbuzi amefunga mdomo, na huo ndio ustaarabu wetu. Chifu, ambaye naye alikuwa mzee wa mila, alitikisa kichwa kukubali.

Mwenyekiti akainuka. "Amesema vizuri," alisema. "Chifu, naomba hiyo maneno yake ishikwe vile amesema. Aliyekula anyamaze. Sasa wale hawakukula waseme."

Tukainuka. Mimi, Baba Halima, jamaa zetu, kofia na leso na buibui, wale wale wa nyuma ya foleni. Tajiri alitutazama kana kwamba tumetoka ardhini.

"Hawa si wenyeji," alisema. "Chifu, hawa ni watu wa kuja. Hawa ni wa Majengo."

Nami niligeuka kumtazama Mwenyekiti, sikuweza kujizuia. Alikuwa amevimba shingo.

"Hiyo maneno ni yangu," alimwambia. "Usiniibie. Mimi naweza kuwatukana hawa kwa sababu ni majirani yangu, tunapigania maji kila siku. Wewe ni nani? Wewe uliwahi kupigania maji na nani hapa?"

Watu wakacheka, hata waliokula. Nikasema yangu. Nilisema juu ya lori na Wekesa, nikasema juu ya shimo, nikasema watoto wetu wana miguu miwili kila mmoja na hatuna ya akiba. Baba Halima akasema. Shangazi yake, ambaye Kiswahili chake kilichanganyika na Kinubi hata mimi sikikamati chote, naye akasema, na chifu akamsikiliza mpaka mwisho. Hapakuwa na mtu wa kutujibu. Wale ambao wangemtetea Tajiri walikuwa wamekula, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafunga midomo.

Hatukushinda vyote, na hili ndilo linaloniuma. Chifu alitoa uamuzi wa watu wawili wanaogombania mkeka. Upande wa chini wa kiwanja ulikwenda kwa Tajiri, na umekaliwa na nyumba zake hadi leo. Upande wa juu ukabaki wa shule, na matoka yakahamishiwa kwenye mpaka mpya, ule ambao ukuta wa Tajiri unaufuata, Mwenyekiti akiyapanda kwa mikono yake na kunung'unika. Tajiri akalazimika kujenga madarasa pale pale juu. Ndipo akaweka bango. Mvua kubwa zilipokuja baadaye, machimbo yakajaa hadi ukingoni, bata wakaogelea pale ambapo watoto wetu wangekuwa darasa la kwanza, na sikumsikia hata mtu mmoja wa wale waliokula akisema neno. Walipita wakatazama, wakaenda zao.

Baada ya hapo unadhani alinipenda? Mitungi yangu iliendelea kukaa nyuma, ila sasa yake ilikaa nyuma pamoja na yangu, na tuligombana tukiwa pale pale pamoja. Idi ya kuchinja nilimpelekea nyama, akala, akasema sisi tunaharibu nyama kwa viungo. Mumewe alipofariki nilikaa naye. Hakulia mbele yangu. Aliniambia maharagwe yake yalikuwa hayajamenywa vizuri hata siku moja, na alikuwa akiyarudia kisirisiri.

Magoti yalimshinda. Binti yake akaja akamchukua, wakahamia Mwiki, kule Ruiru, kwenye nyumba za kupanga zilizobanana hadi mtu akipiga chafya jirani anamwombea afya. Kiganjo ikabaki na ukuta wake. Mwaka ule, Idi ya kuchinja ilipofika, msikiti wetu mdogo ulichinja ng'ombe dume ambaye hatujawahi kuona mfano wake. Tulizoea mbuzi wa kuchangiana. Nilipata fungu langu mapema, nikalikata haraka, nikalichemsha kwa tangawizi na chumvi tu ili asilalamike, nikaifunga sufuria kwa leso, nikapanda gari hadi Ruiru kabla nyumbani hawajaketi kula.

Nilimkuta amekaa kitandani, buti zake chini ya kitanda, safi, hazina tope. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Alinitazama nikifungua leso, mvuke ukatoka, na akameza mate, niliona kabisa. Kisha akaweka mkono juu ya mfuniko.

"Umekuja na maneno?"

"Sina maneno. Ni Idi."

"Hii ni ya mbuzi?"

"Ng'ombe. Dume kubwa."

"Ya nani?"

"Ya msikiti."

"Msikiti wenu hauna choo, Mama Halima. Ulitoa wapi ng'ombe?"

Nikakumbuka lori lililoshusha yule ng'ombe, vijana wasio wa kwetu. Nikakumbuka Baba Halima akisema Ijumaa baada ya swala kutakuwa na kikao, mtu atakuja kuupa msikiti kiwanja kipya, kikubwa, ila kuna jambo dogo la kurekebisha mpaka, ule ukuta uliopinda unaharibu sura ya nyumba. Alilisema akifunga kamba za viatu, nami nilikuwa nikitafuta leso yangu. Safari hii Tajiri alikuwa ameleta mchinjaji kutoka Majengo. Alikuwa amejifunza.

Nilimweleza Mwenyekiti. Nilishika ukingo wa kitanda kwa hasira, nikamwambia watu wangu ni wajinga kama wake, na mume wangu ndiye wa kwanza.

"Wamekula?"

"Saa hii wanakula."

"Na wewe?"

"Sijaonja hata chumvi. Nilitaka tule pamoja."

Akaifunga leso tena, kwa fundo gumu, akaisukuma sufuria kwangu. Binti yake akatuletea ugali na sukuma wiki, tukala, na alinipa kipande chake cha parachichi bila kuniuliza. Nilipoinuka hakuniaga. Alisema, "Simama mbele. Ukisimama nyuma hawasikii wanawake."

Baba Halima alinipokea mlangoni, midomo iking'aa mafuta, akauliza mbona sufuria imerudi imejaa. Nikamwambia Mwenyekiti ameuliza ng'ombe ni wa nani. Alisema sisi si Wakikuyu, nyama haitufungi. Nikamwambia itawafunga, kwa sababu mna haya, na Tajiri analijua hilo. Hakula tena jioni ile. Nyama niliwapa mbwa wa jirani.

Ijumaa wanaume walijaa mkekani, na Tajiri, mvi kidogo sasa, kofia mkononi, alizungumza vizuri kama zamani. Alishukuru msikiti kwa kushiriki naye Idi. Akawatazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakatazama chini. Nikatoka upande wa wanawake nikapita mbele, leso yangu nimeikaza kiunoni. Alinitambua.

"Mama," alisema kwa upole, "ng'ombe huyu alichinjwa kwa bismillahi. Safari hii niliuliza."

"Najua," nikamwambia. "Lakini mimi sikula."